Risala ya Karakana ya Makasha Kuhusu Sinia Jekundu

Mgeni rasmi mheshimiwa, meneja wetu, wakuu wa vitengo, na nyote mliowahi viti vya kivulini,

KARIBU TENA

Sisi wafanyakazi wa karakana ya makasha ya chuma tumefurahi kukuona. Tangu alfajiri tumefagia, tumepaka chokaa mawe ya njiani, na mapipa ya tindikali tumeyaficha nyuma ya pazia. Pazia la kufunguliwa leo ni la kulia. La kushoto tunaomba uliache kama lilivyo.

HISTORIA FUPI

Tunatengeneza makasha ya kuwekea mitambo ya elektroniki. Chuma kikiachwa uchi hushika kutu, kwa hiyo tunakivisha madini mengine kwa kukichovya kwenye matangi. Vazi hilo lina kazi mbili: kuzuia kutu, na kupitisha umeme pale kifuniko kinapogusana na kasha, ili vurugu za umeme wa nje zisiingie kusumbua mtambo.

Mwaka jana tulikuandalia sampuli ili ubariki chaguo letu. Kulikuwa na zinki, ambayo hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone. Kulikuwa na nikeli, ngumu na ya kumeremeta, ila ikitoboka tu, kutu hujipenyeza chini kwa chini. Kulikuwa na bati, laini, linaloelewana sana na umeme. Meza ilikuwa chakavu, basi mpishi wetu wa chai akatuazima sinia lake jekundu la enameli, tukazipanga juu yake. Ulitazama, ukainama, ukaweka kidole juu ya sinia, ukasema, "Hii ndiyo. Inang'aa, na haitashika kutu."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Asiyepiga alikuwa mmoja, mama wa kitengo cha kusugua. Tunamwita Msasa, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia. Alimvuta meneja kando.

"Bosi, hilo ni sinia."

"Dada yangu, likishaguswa na mheshimiwa si sinia tena. Ni sampuli."

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo matangi yamekauka, na kila kasha linapakwa rangi ya sinia, ndani na nje, hadi kwenye kingo. Kutu hatujaiona. Makasha yanapendeza mno. Mteja mmoja aliuliza kama yanauzwa pamoja na vikombe.

CHANGAMOTO

Ni ndogo tu. Rangi haipitishi umeme. Kifuniko kinalikalia kasha lakini hawajuani, na waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, umefungwa juu ya rangi kama pambo. Hospitali iliyonunua makasha yetu kwa mashine za kuwapa joto watoto njiti inalalamika: mfagizi akiwasha mashine yake ya kusugua sakafu, namba za kipimo cha joto zinaruka hovyo, kengele inalia, na wauguzi wanakimbilia kitoto kilichojilalia zake. Ipo siku wataizoea hiyo kengele. Hilo linatutia hofu, mheshimiwa, na hapa hatutanii.

Msasa alikwenda hospitali bila kutumwa, akakwangua rangi kwenye kingo na chini ya waya wa ethi. Namba zikatulia. Akasimamishwa kazi kwa kosa la kukwangua uamuzi wa mgeni rasmi. Yeye mwenyewe anasema pale alipokwangua patashika kutu, na kwamba dawa yake ni tangi, si msasa. Mhandisi anajua. Meneja anajua. Mpishi wa chai anajua, naye mpaka leo anadai sinia lake.

MAOMBI

Kwa kuwa uamuzi wako ulikuwa mzuri sana, tunaomba uuboreshe kidogo. Turudi kwenye zinki, yenye ngozi nyembamba ya kinga, isiwe nene hata ikazuia umeme. Sampuli zipo pale, juu ya meza tupu. Chai yako italetwa kwa mkono.

Na tunaomba Msasa arudishwe kazini.

Mheshimiwa, mtambo wa kukuza sauti tunaoutumia kusoma risala hii umo ndani ya kasha jekundu lile pale. Jana tulipojaribu ulinguruma hata salamu haikusikika. Leo asubuhi tulilibeba kasha hadi getini, maana Msasa haruhusiwi kuingia, akalikwangua huko huko nje, mlinzi amemshikia kifuniko.

"Someni polepole, wanangu," alituambia. "Hamjazoea kusikika."

Basi leo umetusikia. Yeye bado yuko nje ya geti, amekalia kreti, ametega sikio. Tunakuomba jibu lako ulitolee kwenye kipaza sauti hiki hiki.

Mungu akujalie afya na macho maangavu, na awalinde wale watoto hadi utakapomaliza kunywa chai.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Karakana ya Makasha, waliomo ndani na aliye getini.