Wageni Wenye Dhahabu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Naona wengine mnatazamana, "Leo Mama Kabula naye kasimama?" Nimesimama. Watoto wameshavaa, wanangoja kutusomea mashairi ya Krismasi, nami sitawachelewesha. Ila kabla hawajafungua midomo, acheni niseme jinsi mashairi hayo yalivyonitoa kifungoni.

Mnaonijua mnajua tabia yangu. Mimi ni mtu wa kushuku. Baba Kabula husema nikiamkiwa "mwangaluka" asubuhi, namuuliza mtu anataka nini. Lakini ndugu zangu, sikuzaliwa hivyo. Kwetu Masumbwe nilizika watoto watatu, na kila msiba kulikuwa na mtu wa kuninong'oneza jina la jirani. Alipozaliwa Kabula nikaapa: huyu hanichukulii mtu! Maziwa ya nyumba nyingine hakuyaonja. Nikimnyoa, nywele nazika mwenyewe. Na ile kaniki niliyowabebea wenzake mgongoni nikaikunja na kuificha, asije mtu akaipata akamroga nayo aliyebaki. Sikuwa na rafiki hata mmoja. Nilikuwa na hofu tu, nayo ilikula nami na kulala nami.

Basi mume wangu akapata kazi mgodini Geita, tukahamia kambini. Bhabehi! Kama nilikuwa mgonjwa, pale ndipo ugonjwa ulipopata chakula. Watu wa kila kabila, hujui nani katoka wapi wala kafuata nini. Na maneno ya kambini mnayajua: kwamba dhahabu haitoki bure, kwamba ikigoma, mwenye tamaa humtoa mtoto kafara. Kama si wake, wa mwenzie. Mimi hayo niliyameza mazima.

Karibu yetu alikaa Mama Atupele, mke wa seremala, mgeni kutoka Rungwe. Kila alasiri aliwaita watoto uani kwake, nyuma ya uzio wa minyaa, akawasimulia hadithi. Alasiri, ndugu zangu, jua linawaka! Mama yangu alinifundisha kwamba hadithi ni ya usiku, kando ya moto; anayesimulia mchana anaita msiba nyumbani mwa watu. Nikasema, huyu ana lake jambo.

Siku moja akanijia mlangoni, mpole kama kondoo. "Shikamoo, Mama Kabula. Tunatafuta kitambaa kikuukuu ulichombebea mtoto. Tutakitumia Krismasi."

Sikuitikia hata marahaba. "Nguo ya mwanangu? Yaya, sitoi! Kaombe kwingine!" Nikafunga mlango. Nikajiuliza: Amejuaje kuwa ninayo ile kaniki?

Tangu siku ile nikawa mlinzi wa minyaa. Kila alasiri nilijibanza pale nikitega sikio, nipate ushahidi wa kumpelekea mzee wa kambi. Na ushahidi nikaupata! Nilimsikia mwanangu mwenyewe, kwa sauti yake ndogo, akikaririshwa maneno haya:

Wageni wako njiani,
Na dhahabu mikobani,
Wamtafuta nyumbani,
Mtoto yuko kwa nani?

Tena na tena, mpaka nami nikayashika kichwani. Kisha nikamsikia yule mama akiwaeleza habari za mfalme anayetaka watoto wadogo wauawe. Sikungoja kusikia zaidi. Wageni, dhahabu, mtoto anayetafutwa: kwa mtu wa kambini, hilo linahitaji kufafanuliwa?

Nikamwambia Baba Kabula. Akacheka! Akasema, "Wewe mwanamke, unashuku hata kivuli chako." Kucheka kwake nako nikakushuku. Nikaamua kimoyomoyo: siku ya Krismasi, watu wakiwa kwenye sikukuu, namchukua mtoto narudi Masumbwe, hata kwa miguu. Nikafunga furushi langu, na ile kaniki ndani.

Asubuhi ile naamka, Kabula hayupo. Baba yake hayupo. Nilijitwika furushi nikakimbilia kanisani, kile kibanda chetu cha udongo, watu wamejaa hadi dirishani. Nikapenya hadi mlangoni. Mwanangu yuko mbele, peke yake, kasimama kando ya hori la majani. Na upande wa pili wanaingia wanaume watatu, wamejitanda mashuka, na wa kwanza ameshika kopo linalong'aa njano.

Nikamtazama usoni. Mume wangu!

Ndugu zangu! Nilisema moyoni, ameniuza. Baba mzazi amemuuza mtoto wake!

Kabula akaanza shairi. "Wageni wako njiani, na dhahabu mikobani..." Akainua macho, akaniona mlangoni na furushi kichwani. Sauti ikakatika. Akasema mstari mmoja zaidi, akakwama. Huko nyuma vijana wakaanza kucheka chini kwa chini. Machozi yakamjaa mtoto wangu. Nami nilikuwa nimekuja kumnyakua, lakini mama gani anaweza kuona vile akanyamaza? Mstari nilikuwa nao. Nikautamka kwa nguvu kutoka mlangoni, na nilikuwa nauliza kweli:

"Mtoto yuko kwa nani?"

Kanisa zima likageuka. Kabula akavuta pumzi. Akanitazama mimi, mimi tu, akaendelea na ubeti ambao kule kwenye minyaa sikungoja kuusikia:

Mama, usije kulia,
Hawaji kukuibia,
Mungu ametupatia
Wa kwake, hakuzuia.

Wale wanaume wakapiga magoti. Mume wangu akaweka kopo lake chini, kumbe ni kopo la chai alilolifunika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, akaondoka mikono mitupu. Hakumgusa mtoto! Hapo ndipo nilipoelewa, Bwana asifiwe. Maisha yangu yote nimesikia habari za dhahabu inayodai mtoto wa mtu. Siku ile nikasikia habari za Mungu aliyetoa wake, na wangu hakumdai. Hofu niliyolala nayo tangu kaburi la kwanza ikaniachia. Nililia mbele za watu kama siku nilipozika.

Mama Atupele akaja kunishika mkono. Akanong'ona, "Mama Kabula, hori letu halina nguo. Kila niliyemwomba alininyima." Kumbe sikuwa mwoga peke yangu kambini! Nikatua furushi, nikalifungua palepale mlangoni. Nikatoa kaniki ya wanangu watatu, ambayo hakuna jicho lililokuwa limeiona, nikaenda nayo mbele mwenyewe.

Ndugu zangu, mwaka ule Kabula hakufa. Wala mwaka uliofuata. Na kama angekufa, bado ningesema ninayosema, maana sasa namjua ninayemkabidhi. Sisemi nimekuwa malaika. Mkinipa chai leo huenda nikainusa kwanza. Lakini ninainywa!

Kuna mama humu amefunga furushi lake moyoni, amejibanza kwenye minyaa, amesikia nusu ya habari akakimbia. Ngoja, mwanamke mwenzangu. Kaa usikie ubeti wa pili. Watoto wanakuja sasa, na Kabula ndiye aliyewafundisha. Wakifika horini, tazameni kitambaa kile cheusi kilichofifia ambacho mtoto amelazwa juu yake.

Ndicho hicho. Kiguseni mkitaka.