Mzee Kulia-Kushoto na Familia Iliyokosa Benchi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kusimama mlangoni mwa chumba cha mahakama namba mbili, mhudumu wetu mkongwe anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Juni. Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi wa masjala kwa kuwa wenzangu wote waliipiga chenga.

Alianza kama mfagiaji, akawa mpeleka majalada, kisha akakabidhiwa kazi iliyompa jina: kuita kesi na kukalisha watu. Jamaa wa marehemu kulia, jamaa wa mshtakiwa kushoto, na njia katikati ili watu wasirushiane ngumi. Utaratibu huo ni wake mwenyewe, hauko katika sheria yoyote, na majaji wanne wamekuja na kuondoka bila kuugusa. Mmoja wao, siku ya kwanza, aliingia bila joho. Mzee akamwamuru azime simu na akae kushoto. Jaji akakaa.

Ningeishia hapo, wasifu ungekuwa mzuri. Lakini hapa kazini hakuna anayemtaja mzee bila kutaja kesi ya kijana aliyemuua mama yake, na mpaka leo sijui niielezeje. Kijana alikuwa mgonjwa wa akili; madaktari walithibitisha, na majirani walikuwa wamesema zamani. Sauti zilimwambia kwamba yule mwanamke jikoni si mama yake.

Siku ya uamuzi familia iliingia. Mzee akanyoosha mkono kulia, kisha kushoto, kisha mkono ukabaki hewani. Baba alikuwa mume wa marehemu na mzazi wa mshtakiwa. Binti alikuwa amefiwa na mama, na aliyekuwa kizimbani ni kaka yake. Walisimama njiani wakimtazama mzee, naye akiwatazama. Mwishowe baba akaenda kushoto, binti kulia, kila mmoja akakaa peke yake akilia. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Hawakusema ufanyeje damu inapomwaga damu.

Jaji aliwauliza wanataka nini. Baba alisema mke ameshamzika, asilazimishwe kumzika mtoto pia. Binti alisema anampenda kaka yake, na hataki kumwona nje tena maisha yake yote. Jaji akaamua kwamba kijana alitenda, ila hakujua alitendalo. Hatakwenda jela, atawekwa chini ya ulinzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mpaka mahakama iridhike kwamba si hatari tena. Kutwa nzima masjala tulibishana kama hiyo ni adhabu au ni huruma. Mimi nilikubaliana na kila aliyeongea.

Pale nje binti alimshika mzee mkono. "Mzee wangu, tumeshinda au tumeshindwa?"

Watu humuuliza hivyo kila siku, naye huwajibu papo hapo. Siku hiyo alisema, "Mwanangu, hata mimi sijui," akarudi ndani kukaa kwenye chumba kitupu. Sijawahi kumwona amechanganyikiwa vile, na iliniuma.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Baba mtu naye ameshafariki. Wiki jana binti alikuja masjala: hospitali imeleta taarifa kwamba kaka yake amepata nafuu kubwa, na mahakama inataka kujua kama ipo nyumba ya kumpokea. Iliyobaki ni yake tu, na ana watoto wawili wadogo. Hajamwona kaka yake tangu siku ile. Anamwogopa na anamkumbuka, vyote kwa pamoja. Alimwomba mzee amsindikize hospitali, maana hajui akifika amwamkie au amuulize kwa nini. Mzee alimwambia naye hajui, ila watakwenda.

Asante, mzee wetu, kwa sauti yako, ukali wako na utani wako. Vijana uliowafundisha kuita kesi wataendelea, ingawa koo lako hawana. Safari ya hospitali ni Jumatatu, siku yako ya kwanza ya kustaafu. Kwa hiyo tunakutakia afya njema, usingizi mrefu na uzee usio na haraka, kuanzia Jumanne.