Oda ya Mashati Meusi

Kwenye treni ya Thika, Surekha, mwenye karakana ya sare, alimwambia jirani yake wa kiti kwamba amekataa oda ya mashati meusi ya vijana wa mwanasiasa mmoja. “Walitaka kifuani tushone kiapo cha kumtii mpaka kufa. Ufashisti ulianza hivyo, kwa nguo na nyimbo.”

Jirani huyo, Dalmas, mwalimu wa historia, alicheka. “Madam, hiyo ilikuwa Italia, miaka mia iliyopita. Ukiita kila sare ufashisti, neno litaisha makali.” Hoja nzuri, nikakiri moyoni, nikiwasikiliza kutoka kiti cha nyuma yao. Dalmas akaongeza, “Na mafundi wako watakula nini?”

“Ndiyo maana naenda Ruiru kutafuta oda za shule. Lakini mwalimu, mwanafunzi wako akivaa hilo shati, utamwambia ni nguo tu?”

Treni ikasimama Ruiru. Dalmas alishuka naye akibisha bado, huku amembebea Surekha mzigo wake wa sampuli za sare.