Gunia la Ritha na Wivu wa Dhahabu

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, pale magari ya Kahama yanaposhusha abiria kabla ya kuendelea na safari ya Bugarama. Benchi lenyewe ni gogo la matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, zisiwadondokee watu. Hili lilikataliwa shimoni kwa sababu limepinda, sisi tukalipokea kwa mikono miwili. Mimi wananiita Spoku, kwa ajili ya baiskeli. Yupo Theonest, tunamwita Waziri kwa sababu ya koti lake lisilovuliwa hata jua liwake vipi. Yupo Herman, yaani Mkemia, aliyewahi kufagia duka la dawa pale Kahama na tangu hapo hakuna jambo asilolijua. Na yupo Salmini mwenye birika la kahawa. Yeye hana jina la utani, maana ukimtania anakunyima kashata. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mchele mpya umejaa kila mahali na bei imeshuka mpaka raha, tukamwona Sostenes anakuja mbio mbio, kofia mkononi. Sostenes ni mchimbaji. Hapa kijiweni ni Mita Tisini, kwa sababu ukimuuliza duara lake limefika wapi jibu ni hilo hilo, tangu lilipokuwa linamfika kiunoni.

— Jamani, nisaidieni haraka, nimebanwa! akasema kabla hata hajakaa.

— Salamu kwanza, akasema Waziri.

— Shikamoo.

— Marahaba. Haya, lete shida.

— Mke wangu, Ritha, anataka kununua gunia.

— Gunia tupu? nikauliza.

— Wee Spoku, tupu la nini? Gunia la mchele! Zima, kilo mia! Lile lori pale linauza. Dereva yuko kwa mama ntilie anakula chapati, akinawa tu mikono anaondoka kwenda Geita.

Waziri akashusha kikombe chini taratibu. Mkemia akapiga mluzi.

Sasa wewe unayesoma, kama hujawahi kukaa na wachimbaji utasema hawa watu wamerogwa. Ngoja nikueleze. Hapa kwetu mchimbaji ambaye duara lake halijatoa mali hununua kila kitu cha kupima. Mchele robo, mafuta kijiko, mkaa kisado, sukari ya kufungwa kwenye kipande cha gazeti. Unaweza kudhani ni ukata tu, lakini hata siku akiwa na hela mfukoni anafanya vile vile, kwa sababu ni mwiko. Wanasema dhahabu ina wivu na inampenda mwenye njaa. Ikichungulia nyumbani kwako ikakuta gunia, inasema huyu kashiba, twende kwa jirani.

— Hela ya nani? akauliza Waziri.

— Yake. Kikoba chao kimevunjwa jana, kila mama kapewa akiba yake na faida. Wenzake wanakimbilia vitenge vya sare. Yeye kasema gunia. Ila anasema mwenye duara ni mimi, kwa hiyo halileti ndani mpaka nikubali.

— Si ukubali basi? nikamwambia. Mwanamke anakuletea mchele ndani kwa hela yake, halafu unakuja kututolea jasho hapa?

— Spoku, hunielewi! Tumebakiza kidogo tufike kwenye mwamba. Jana nimeona jiwe lina rangi, kaka, nimeliona kwa macho yangu haya. Leo ndiyo niingize gunia?

— Yaya! akasema Waziri kwa Kisukuma chake, maana jambo likiwa zito Kiswahili huwa anakiweka pembeni. Yaya, yaya. Usithubutu. Kuna jamaa mmoja kule Geita, namfahamu sura, jina limenitoka. Alinunua gunia asubuhi. Jioni mwamba ukakunja kona, ukaingia kwenye duara la jirani. Jirani mwenyewe alikuwa hata unga hana.

— Ulikunja kona?

— Kona kabisa. Watu wanaoheshimika waliona.

— Mimi sizungumzii mambo ya kuonekana, akadakia Mkemia, mimi nazungumzia sayansi. Mchele unanyonya unyevu. Mnakubali? Simu ikiingia maji si unaifukia kwenye mchele? Haya. Kilo mia zikishanyonya unyevu wote wa nyumba, zitaendelea kunyonya wapi? Chini! Zinakausha ardhi mpaka kwenye mwamba. Na dhahabu ikikauka, bwana, inabaki jiwe la kawaida.

— Kutoka nyumbani kwake mpaka duarani ni mwendo wa kilomita ngapi? nikauliza.

— Unyevu hauangalii kilomita.

Salmini alikuwa anacheka mpaka kahawa inamwagika. Akammiminia Sostenes kahawa.

— Tulia kwanza unywe, ndugu yangu. Mkeo kwa nini analitaka hilo gunia?

Hapo Sostenes akakaa. Uso ukamlegea kidogo.

— Anasema tunaibiwa mchana kweupe. Lile duka la kona linapima robo kwa kopo. Juzi Ritha kaligeuza lile kopo, kakuta kitako kimebonyezwa kwa ndani. Kila tukienda tunalipia na hewa. Halafu anasema mchele sasa hivi ni wa kumwaga, ukifika mwezi wa kwanza bei inapaa, na sisi ndio tunaupandia juu huko huko kila mwaka. Na huyu mwanangu Hosiana…

Akaigeuza kofia mkononi.

— Hosiana kafanyaje?

— Anatumwa kila jioni na bakuli. Kila jioni! Juzi mwenye duka kamwambia mbele za watu, nyie kwenu hamjui kununua cha kesho? Mtoto karudi analia. Iliniuma, jamani. Siku nzima shimoni nilikuwa naisikia hiyo sauti.

Mimi mwenyewe nikasikia hasira na yule mwenye duka, nikasema moyoni akija kuziba pancha nitamwambia gundi imekwisha.

— Basi nisikilize, akasema Salmini. Mwambie Ritha achomeke mkono mpaka katikati ya gunia, maana hawa watu juu wanaweka mchele wa kukuvutia, katikati ni chenga na mawe. Atafune punje mbili tatu aone kama mchele umekauka. Apime kwenye mzani wa mtu mwingine, asiamini macho. Na likifika nyumbani lisikae sakafuni, liwekwe juu ya mbao lipate hewa. Kilo mia hizo kwa watoto wako watatu zinawafikisha mvua za kwanza bila kuliona hilo kopo.

— Kwa hiyo ninunue?

— Aa, hapana, usinunue.

— He! Salmini!

— Mimi nanunua kahawa kwa gunia, nyie mnanunua kwangu kwa kikombe. Siku mkianza kununua vitu kwa jumla mkachemsha majumbani kwenu, watoto wangu watakula nini? Mimi nipo upande wa Waziri. Endeleeni hivyo hivyo, Mungu awabariki.

Akacheka peke yake, sisi wengine tukavitazama vikombe vyetu kwa mashaka. Nakwambia nilikuwa nimeshakunywa cha tatu, na kwa mara ya kwanza kilinipalia.

Waziri hakutaka mjadala umponyoke. Akakung'uta koti.

— Kuna njia, Mita Tisini. Gunia lipo, lakini lisiwe gunia.

— Kivipi?

— Mnalifungua pale pale kwenye lori. Mnagawa kwenye ndoo, sufuria, beseni, hata buti. Dhahabu ikichungulia inaona vyombo tu.

— Na jumla yake?

— Dhahabu haijui kujumlisha.

— Haijui? akaruka Mkemia. Kitu ambacho kila siku kinapanda bei chenyewe duniani kote, leo hakijui kujumlisha? Waziri, usimpoteze mwenzako. Dawa yake ni kuandika. Chukua rangi, andika ubavuni SARUJI.

— Kwa hiyo inajua kusoma? nikauliza.

— Inasoma, ila haina muda wa kufungua na kuhakikisha.

— Mchele ushoneeni kwenye godoro! Waziri akapaza sauti, maana sasa yalikuwa mashindano. Toa pamba, mwaga mchele, mlalie juu. Dhahabu ikija usiku inakuta watu wamelala tu.

— Na tukitaka kupika?

— Unafungua zipu kidogo upande wa miguu.

— Upande wa miguu yangu, Waziri? Mimi natoka shimoni!

Hapo nilicheka mpaka nikadondosha bisibisi. Hata Sostenes alicheka, ingawa jicho lilikuwa kwa mama ntilie, ambako dereva alikuwa ameagiza chapati nyingine. Kule kwenye lori tulimwona Ritha, khanga imefungwa kiunoni kibondia, mkono umezama kwenye gunia mpaka begani, anatafuna punje na kumtazama muuzaji usoni. Salmini hakuwa na cha kumfundisha yule mama. Kila baada ya muda aligeuka upande wetu, akainua mkono juu, kama kuuliza, vipi?

Sostenes naye akainua mkono, kama kujibu, subiri.

— Kama ni mimi, akasema Mkemia akishusha sauti, gunia ningeliandika kwa jina la mama mkwe. Linakuja kama mgeni. Dhahabu ina wivu lakini ina adabu, haiwezi kuingilia mali ya mkwe.

— Hiyo nayo si mbaya, akasema Sostenes, na akaanza kuifikiria kweli kweli. Nikaona jamani, mtu mzima huyu anakwisha mbele yetu.

Wakati huo gari la Kahama lilikuwa limeshusha watu. Abiria mmoja, mwanamume wa makamo mwenye begi la mgongoni na jembe la sururu lisilo na mpini, alikuwa amesimama karibu yetu anasikiliza. Akatoa salamu, Salmini akaitikia na kumsogezea kikombe.

— Karibu, ndugu. Unatokea wapi?

— Naitwa Zamoyoni. Natokea Singida. Nimesikia huku kuna kazi ya duara, nikasema nije nijaribu bahati. Samahani, nimewasikia mnazungumza. Naruhusiwa kuuliza kidogo?

— Uliza, akasema Waziri akijiweka sawa. Umefika mahali penyewe.

— Nimeelewa vizuri kwamba dhahabu humpa mwenye njaa, na anayenunua gunia inamkimbia?

— Umeelewa vizuri sana.

— Nimefurahi, kaka zangu, sikufichi. Maana njaa ninayo, nimekuja nayo. Na gunia sijawahi kununua tangu nizaliwe. Sasa naombeni kitu kimoja. Nioneshwe mtu mmoja tu wa hapa ambaye miaka yote hakununua gunia, na dhahabu ikampa. Nikaombe kazi kwake.

Jamaa hakuwa anatania. Alikuwa ameshavaa begi lake vizuri mgongoni, tayari kwenda kwa huyo mtu.

Waziri akafungua kifungo cha koti, akakifunga tena. Mkemia akaangalia ndani ya kikombe. Mimi nikachukua mpira wa baiskeli nikaanza kutafuta tobo ambalo nilikwisha kuliziba tangu asubuhi. Nilipita kichwani nyumba kwa nyumba, kuanzia huku barabarani mpaka kule mialoni wanakosafishia mchanga. Wote ni watu wa robo. Wote ni watu wa kijiko. Sikumpata.

— Yupo yule… akaanza Mkemia.

— Yupi? akauliza Zamoyoni kwa hamu.

— Hapana, huyo alihama na deni.

Sostenes ndiye aliyesema, na alisema taratibu mpaka Salmini akaacha kugonga vikombe.

— Baba yangu alichimba maisha yake yote. Alichimba Geita, akachimba na hapa. Alikufa akiwa ananunua robo.

Kwa mama ntilie dereva alikuwa ananawa mikono, na mara lori likanguruma. Sostenes akaweka kikombe chini, akasahau kofia, akachomoka. Mtu anayejidai kushuka mita tisini kwa kamba kila siku, sikujua kama ana mbio za namna ile.

— Pakueni! alikuwa anapiga kelele barabarani. Ritha! Mama Hosiana! Nimekubali! Liingie ndani, liingie na jina lake!

Ritha akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika mpaka Isaka. Wapagazi wakalishusha gunia, Sostenes akainama, likatua mgongoni kwake, akayumba, akasimama. Akapita nalo katikati ya senta, mbele ya lile duka la kona, mkewe nyuma anaimba, na kila aliyekuwa na bakuli mkononi alisimama kuwatazama. Nikapiga makofi kama mwendawazimu.

Nilipogeuka, Zamoyoni bado alikuwa amesimama pale pale mbele ya benchi, begi mgongoni, anatutazama kwa zamu, kwa adabu zote, anasubiri tumtajie huyo mtu.