Oili ya Pipa, Ringi Zilizoganda na Kesi ya Shangazi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa Huduma ya Magari ya Wagonjwa. Mkuu wa Ugavi. Wakuu wa idara mliokaa kivulini. Madereva, wauguzi na mafundi wenzetu mliosimama juani:

Sisi mafundi wa karakana hii tunakukaribisha. Anayesoma kwa niaba yetu ni fundi umeme, aliyechaguliwa kwa sababu sauti yake inashinda kompresa. Umekuja kukata utepe wa banda jipya la kuoshea magari. Banda ni zuri na tunashukuru. Lakini tungekudanganya tukisema tumeamka na furaha. Tuna hasira, na tumekubaliana tuisome badala ya kuimeza. Risala tuliyopeleka ofisini wiki iliyopita ilirudi imebaki ukurasa mmoja, wa shukrani tu. Hii unayoisikia ni ile ya kwanza, tumeongeza tu yaliyotokea tangu hapo.

HISTORIA YETU

Karakana hii ilianza na mafundi wanne na shimo moja la kuingilia chini ya gari. Kati ya wanne hao amebaki mmoja, mama mwenye wajukuu, ambaye sote tunamwita Shangazi. Wengi wetu tumeshika spana ya kwanza mbele ya macho yake, na tulipokosea alituambia, "Boliti haina ugomvi na wewe, mwanangu, usiipige."

Ndiye aliyeanzisha daftari la matone. Kila gari linapoingia, fundi huchomoa kijiti cha kupimia oili na kudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Tone likikauka hubandikwa daftarini pamoja na namba ya gari, tarehe, na mahali oili ilipofika kwenye kijiti. Tone la oili nzima hutanuka na kufifia pembeni. La oili iliyochoka hubaki na kitovu cheusi katikati. Asiyebandika tone lake anafagia karakana wiki nzima, na Shangazi mwenyewe amewahi kufagia.

MAFANIKIO

Magari ya zamani, yasiyo na turbo, tuliyatunza miaka kumi na moja bila injini hata moja kufa. Hatuna fanikio jingine, na hatutabuni moja ili risala ipendeze.

CHANGAMOTO

Mwaka juzi mlituletea magari mapya kumi na mawili, yote ya dizeli yenye turbo. Tunaomba utuvumilie tueleze, ingawa tumeonywa kwamba wakubwa hawapendi habari za grisi.

Turbo ni feni inayosukumwa na moshi wa moto wa injini ili kuishindilia injini hewa. Inazunguka kwa kasi ya kutisha na inachemka, na oili inayoipoza ndiyo hiyo hiyo inayorudi kulainisha pistoni. Kila pistoni imevaa ringi, na ringi hizo zinatakiwa zicheze katika vijia vyake, zizuie moto usishuke na oili isipande. Oili isiyostahimili joto hilo inaungua, inageuka masizi, masizi yanajaa kwenye vijia, na ringi zinaganda. Hapo injini inaanza kula oili, inatoa moshi wa bluu, na ikifika mlimani inakata pumzi.

Kuchagua oili ya injini hizi hakuhitaji ramli. Kitabu cha gari kimeitaja: ya sintetiki, iliyotengenezwa kwa dizeli yenye turbo, yenye dawa ya kusafisha masizi, na namba ya uzito wake imeandikwa pale pale. Shangazi alitoa nakala ya ukurasa huo na kuipeleka Ugavi mara tatu. Mara tatu zote stoo ilishusha pipa lile lile la oili ya jenereta.

Alipokwenda mara ya mwisho, Mkuu wa Ugavi, uliyekaa hapo, ulimwambia mbele yetu, "Mama, oili ni oili. Wewe kaza boliti."

Shangazi akakujibu, "Basi bosi, kesho nyumbani kwako kaangieni mayai mafuta ya nywele, maana mafuta ni mafuta."

Tulicheka. Siku hizi hatucheki. Magari matano kati ya kumi na mawili yanafuka. Gari namba saba lilikata pumzi kwenye mlima wa hospitali likiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Dereva na muuguzi walimbeba kwa machela hadi mlangoni. Alijifungua salama, lakini dereva yule alirudi hapa, akaupiga mlango wa gari teke, akalia kama mtoto. Tulimwacha alie.

Sasa utusikilize vizuri, maana hapa na sisi tuna kosa letu. Injini ikila oili, fundi anaongeza. Fomu ya stoo ina kisanduku kimoja tu, "kubadilisha oili". Cha "kuongeza" hakipo. Kwa hiyo kila tulipoongeza tuliandika kwamba tumebadilisha, ili gari litoke haraka. Tuliandika sote. Shangazi, kwa kuwa ni mkuu wa zamu, ndiye aliyetia sahihi.

Wakaguzi wakaja, wakasoma kwamba gari namba saba limebadilishwa oili mara tisa katika mwezi mmoja. Wakauliza oili iliyomwagwa iko wapi. Haikuwepo, kwa sababu ilikwenda na moshi. Wakasema Shangazi ameiuza. Alivuliwa ovaroli mbele yetu, akaamriwa amwage mkoba wake sakafuni. Zilitoka miwani, kitambaa na dawa za presha. Hakuna aliyeinama kumsaidia kuokota, na aibu hiyo ni yetu, haihusu Ugavi. Kesi yake inasikilizwa Ijumaa. Asipotetewa, anafukuzwa kama mwizi, akiwa amebakiza miezi minane kustaafu.

MAOMBI

Tuletewe oili iliyoandikwa kitabuni. Fomu iongezwe kisanduku. Haya mawili hata karani anaweza kuyamaliza kabla ya chakula cha mchana, na tunaona haya kumwomba mtu mkubwa kama wewe vitu vidogo hivyo. Ombi la tatu ndilo lililotusimamisha hapa.

Mezani mbele yako, chini ya kile kitambaa cheupe, hakuna zawadi. Kuna daftari la matone, na kuna pistoni ya gari namba saba, tuliyoitoa juzi na hatukuisafisha. Fungua daftari uone oili ikishuka kwenye kijiti siku baada ya siku, na kila tone likiwa na kitovu cheusi. Kisha ishike pistoni ile, uizungushe ringi kwa kidole gumba. Ringi nzima huzungushwa hata na mtoto.

Ikizunguka, mfukuze Shangazi, na sisi kumi na saba tutatoka naye, maana sahihi ni yake lakini mwandiko ni wetu. Ikikataa, tunakuomba usimwachie Mkuu wa Ugavi aijaribu kwa niaba yako. Shangazi yuko nje ya geti hilo tangu asubuhi, mlinzi amekatazwa kumwingiza. Nenda ukamfungulie wewe mwenyewe, na vidole vyako vikiwa vyeusi hivyo hivyo.

Mgeni rasmi, Mungu akupe afya njema na umri mrefu, usije ukalihitaji gari namba saba. Na siku ukilihitaji, akufikishe.

Ni sisi,
Mafundi kumi na saba wa Karakana ya Magari ya Wagonjwa,
na wa kumi na nane, aliye nje ya geti.