Nusu ya Ubao: Maisha ya Mama Ozella Crutchfield Tarpley (1922–2011)

Mama Ozella alizaliwa tarehe 9 Februari 1922 huko Pruitt Ferry, Oklahoma, mtoto wa tatu wa Mzee Lonzo Crutchfield, mkulima wa pamba, na Mama Birdie. Ilikuwa siku ya barafu na mkunga alichelewa, hivyo alipokelewa na bibi yake. Alikuwa akisema ndiyo maana hakuwahi kupenda kusubiri.

Alisoma shule ya watu weusi ya Pruitt Ferry, akapata shahada ya kwanza katika chuo cha watu weusi mwaka 1943, kisha akafundisha darasa la tatu. Mwaka 1948 aliomba kusomea shahada ya pili katika chuo cha walimu cha Harlow, ambacho kilikuwa cha wazungu tu. Alijibiwa kwa mistari miwili kwamba sheria hairuhusu. Akaenda mahakamani na wakili Hosea Greer, waliyekuwa wakisali naye kanisa moja.

Mzee Lonzo aliogopa. "Binti, watakufukuza kazi."

"Watanifukuza, baba. Basi nitapata muda wa kusoma."

Walimfukuza kweli. Lakini mahakama iliamuru chuo kimpokee, na Januari 1949 chuo kilitii kwa namna yake: kilimwekea dawati ndani ya stoo iliyopakana na darasa, mlango ukiachwa wazi. Kutoka pale aliona nusu ya kushoto ya ubao, basi. Walichosahau ni kwamba chaki na ramani zote zilikaa stoo ile. Asubuhi ya kwanza Dakta Haskell, mwalimu wake, aliingia kuchukua chaki.

"Humu hatupigi hodi, Dakta?" Mama akamuuliza.

"Hii ni stoo."

"Ilikuwa stoo. Sasa ni darasa la watu weusi, na darasa lenyewe ni mimi."

Tangu siku hiyo Dakta alipiga hodi. Mdogo wake Mama, Mama Mdogo Lottie, akashona pazia la maua la mlango ule.

Katika daftari lake Mama aliandika alichokiona tu, upande wa kushoto wa kila ukurasa, na upande wa kulia akauacha mtupu. Waliporudi mahakamani kuipinga stoo ile, wakili Greer alimpa Dakta Haskell daftari hilo asome somo alilolifundisha mwenyewe. Akasoma, "Mtoto hujifunza vizuri zaidi pale," akaishia hapo.

"Endelea," jaji akasema.

"Haiendelei, Mheshimiwa."

Mei 1950 iliamuliwa akae darasani kama wengine. Alikaa mstari wa mbele, na mwaka uliofuata akahitimu. Alirudi kufundisha Pruitt Ferry, akawa mwalimu mkuu mwaka 1964, na kustaafu 1987.

Tarehe 14 Juni 1952 aliolewa na Mzee Roscoe Tarpley, kinyozi, aliyemchumbia kwa maneno haya: "Nina viti vitatu na kioo kizima. Kaa unapotaka." Mzee alitangulia mbele za haki mwaka 1999.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2009. Aprili mwaka huu mjukuu wake Temple alipata nafasi katika chuo kile kile cha Harlow. Mama yake, Verna, alitaka mtoto asome karibu, alale nyumbani.

"Verna, wasiwasi huo umeurithi kwa baba yangu," Mama alisema kitandani. "Na yeye nilimpenda, lakini sikumsikiliza." Kisha akampa Temple daftari. "Upande wa kushoto nimemaliza. Wa kulia ni wako."

Alifariki tarehe 11 Julai 2011, saa tatu asubuhi, hospitalini Tulsa, akiwa na miaka 89.

Ameacha mdogo wake, Mama Mdogo Lottie. Watoto wawili, Verna na Lucius. Wajukuu wanne, na wanafunzi ambao hawahesabiki. Temple anaondoka tarehe 20 Agosti. Daftari liko kwenye begi lake. Verna amekagua mara mbili.

Mungu ampe Mama kiti cha mstari wa mbele, apumzike akiona ubao wote.