Mzee Florian Masatu, Fundi Aliyeogopa Sauti ya Upepo

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani na ninyi nyote mliofika leo Ijumaa, tarehe 15 Agosti 2025. Haya ni maisha ya Mzee Florian Masatu kama alivyoyaandika mkamwana wake Jeska, mke wa Elias, kwenye daftari la shule la mtoto. Anayesoma ni Evance, mtoto wa mwisho wa marehemu, kwa sababu Jeska amesema sauti yake haitafika mwisho.

Mzee Florian alizaliwa mwaka 1954 Mugango, nyumba ambayo ukisimama mlangoni unasikia ziwa. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Masatu na Mama Nyangi. Alikuwa mwoga. Familia ilikaa ikajadili kama hilo lisemwe hapa, ikakubali lisemwe, maana mwenyewe hakulificha. "Mimi naogopaga," alikuwa akituambia, "ndiyo maana nimefika uzee." Lakini hakuogopa kiboko, hakuogopa hata radi ya mwezi wa nne. Aliogopa sauti moja tu, ya upepo unaotoka mahali pasipotakiwa.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Mugango mwaka 1963. Aprili 1966, akiwa darasa la nne, mdogo wake Dafroza, mtoto wa miaka mitatu, alishikwa na homa kali. Baba yao alikuwa na baiskeli, ila tairi la nyuma lilikuwa limelala. Wakaazima pampu kwa jirani. Kwa macho ilikuwa pampu nzuri, imepakwa rangi nyekundu. Ndani yake, ile wosha ya ngozi inayosukuma upepo ilikuwa imekauka na kujikunja kama ganda la muhogo, haijatiwa mafuta tangu mavuno. Florian ndiye aliyeshika mpira wa pampu kwenye valvu. Baba alisukuma mpaka jasho likadondoka kwenye mpini, na kila aliposukuma upepo ulitokea juu, fsss, ukampiga Florian usoni. Tairi halikunyanyuka. Wakaondoka kwa miguu. Dafroza alikata roho njiani, mgongoni kwa mama yake.

Florian alimaliza darasa la saba mwaka 1969. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini walimu walimkumbuka kwa jambo jingine. Katikati ya somo angenyoosha kidole: "Mwalimu, baiskeli yako inavuja." Mwalimu akitoka nje anakuta ni kweli.

Mwaka 1973 alikwenda Musoma mjini kujifunza ufundi wa baiskeli kwa fundi mmoja wa sokoni. Mwaka 1981 alinunua pampu yake, ile ya kusimama, yenye bomba la chuma, mpini wa mti na masikio mawili ya kukanyagia. Ndiyo hii iliyowekwa pale karibu na msalaba. Tangu mwaka 1985 hadi 2013 ilisimama naye Manyamanyama, Bunda, kwenye kibanda chake cha mabati manne. Wachuuzi wa samaki walimpitia alfajiri na matenga ya sangara nyuma ya baiskeli, na pampu hiyo ilijaza matairi yao bila kupumzika mpaka jua linazama.

Ilibadilishwa mpini mara tatu, mpira mara tano, wosha hazina hesabu. Mteja mmoja alimtania: "Sasa fundi, si hiyo ni pampu nyingine kabisa?" Mzee akamjibu, "Wewe meno ya utoto uliyatupa juu ya paa. Mbona jina hujabadilisha?" Zilipokuja pampu za plastiki zenye saa ya kupimia, hakuzidharau. Alizijaribu. Alisema siku ya kwanza zinakimbia kuliko yake, mwezi wa tatu mpini unabaki mkononi.

Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kusalimia, aliziba mdomo wa mpira kwa dole gumba, akausukuma mpini chini, akauachia. Mpini ukirudi juu wenyewe, wosha inashika. Ukibaki chini umelala, hiyo pampu ni pambo. Kila Jumamosi aliifungua akaitia oili. Alifanya hivyo miaka arobaini na mitatu. Waliomcheka hawakujua anamsikiliza nani.

Alifunga ndoa na Mama Benedikta tarehe 9 Juni 1979. Alimchukua kwa baiskeli kutoka kanisani, na njiani alisimama mara tatu kubonyeza matairi. Mara ya tatu bibi harusi akamuuliza mbele ya wapambe, "Florian, unanioa mimi au unaoa tairi?" Akajibu, "Naoa wewe. Tairi linakufikisha." Mungu aliwajalia watoto watatu: Ursula, Elias na Evance. Mwaka 2013 walihamia huku upande wa Kibara, kwenye shamba.

Hapa Jeska aliweka kalamu chini siku nzima, kwa sababu yanayofuata hayajawahi kusemwa.

Jeska alitoka kwao Butiama akaolewa katika nyumba hii mwaka 2015. Mnajua desturi. Baba mkwe na mkamwana hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, chakula anakitenga akiwa ameinamisha macho. Kwa hiyo Jeska alimjua baba mkwe wake kwa mikono tu, ile mikono iliyoijaribu pampu kila asubuhi. Aprili 2017 Mzee alikwenda Musoma kupimwa macho, siku mbili. Asubuhi ya kwanza Jeska akaona pampu imesimama peke yake, hakuna wa kuijaribu, akaingiwa na hofu asiyoijua imetoka wapi. Akaifungua kama alivyoona ikifunguliwa. Wosha ilionekana kavu. Oili hakuiona ilipo. Alikuwa na mafuta ya sangara aliyoyakaanga mwenyewe, meupe, mazuri, akaipaka vizuri ngozi yote. Alitaka tu Mzee akirudi akute kazi imefanyika.

Siku hiyo hiyo jirani yetu Baltazari, muuza dagaa, aliazima pampu, akajaza tairi, akairudisha. Halafu usiku panya wakafuata harufu.

Alhamisi tarehe 20 Aprili, Mzee alirudi saa tano asubuhi. Hata mfuko hajatua, Nyamburi, mtoto wa Jeska wa miezi minane, aliyekuwa na joto tangu alfajiri, akakakamaa mikononi mwa mama yake. Macho yakageuka meupe. Elias alikuwa ziwani. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, pikipiki zote zimekwenda huko. Kituo cha afya kipo Kibara, kilomita nane. Kulikuwa na baiskeli, na tairi la nyuma lilikuwa na tundu dogo la mwiba, limelala.

Mzee akachukua pampu. Akasukuma. Fsss.

Walioona uso wake siku hiyo ni watu wawili, na mmoja hakutamani kuuona tena. Alisimama na mpini umelala mkononi, midomo inacheza, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mama Benedikta akapiga kelele: "Ni Baltazari! Kaiweka kwenye banda lake la dagaa, panya wameila! Nilisema asipewe!" Mzee akafungua kifuniko. Ngozi ilikuwa imetafunwa nusu. Akainusa. Kisha, kinyume cha desturi, akamtazama Jeska machoni. Mara moja tu.

Jeska alijua kuwa amejua. Alikuwa amembeba mtoto aliyekakamaa. Aliogopa mtoto atakufa, na aliogopa kwamba aliyemuua atakuwa yeye mwenyewe, kwa kijiko cha mafuta.

Mzee alivua kiatu chake cha kushoto, cha kanisani, alichokuwa amevaa kwenda hospitali. Akakata ulimi wa kiatu kwa wembe, akauchonga mviringo, akauloweka kwenye mafuta ya kula, akaukanda kwa meno. Ilichukua kama dakika kumi, na Jeska aliziona kama Kwaresima nzima. Mtoto alikuwa akilegea, anakakamaa tena. Mzee alikuwa akinong'ona, "Dafroza, ngoja. Ngoja kidogo, Dafroza." Jeska wakati huo hakujua Dafroza ni nani.

Akarudisha wosha. Akaziba mdomo wa mpira kwa dole gumba, akasukuma, akauachia mpini. Ukarudi juu.

Tairi likajaa. Akaifunga pampu kwenye fremu kwa ukanda wa tyubu, akapanda, akasema, "Kaa nyuma."

Jeska akasimama. Mkamwana akae nyuma ya baba mkwe, mbele ya watu?

"Kaa, mama!"

Akakaa, mtoto kifuani kwenye kanga, mkono mmoja ameshika springi za kiti ili asimguse. Barabara ilikuwa ya matope. Kwenye kona ya kwanza nusura aanguke.

"Shika shati!" Mzee akasema.

"Baba, nitashikaje?"

"Shika shati. Heshima tutaichukua tukirudi."

Akashika shati. Lilikuwa limelowa, na mgongo wa Mzee ulikuwa unatetemeka. Hapo ndipo Jeska alipojua kwamba hofu yao ilikuwa moja. Tairi lililala mara tatu njiani, kwa sababu ya lile tundu, na mara tatu Mzee alishuka akasukuma, na mara tatu wosha ya ulimi wa kiatu ilishika. Kila aliposhuka aliuliza bila kugeuka, "Anapumua?" Na Jeska aliweka sikio mdomoni kwa mtoto kabla ya kujibu. Mara ya tatu hakusikia kitu. Alisema "Ndiyo, Baba," akadanganya, kwa sababu aliogopa Mzee akijua miguu itakwisha nguvu.

Nyamburi alikuwa anapumua. Muuguzi alimpokea mlangoni. Yupo hapa leo, ana miaka tisa, amekaa mstari wa mbele na bibi yake.

Lakini Baltazari alibaki na lawama. Miaka minane Mama alimnyima pampu, hata salamu ilikuwa ya nusu. Mzee Baltazari mwenyewe aliapa mpaka akachoka kuapa. Marehemu alinyamaza, na Jeska alinyamaza. Ni kweli Mzee alikuwa akimpitishia Baltazari pampu juu ya ua wa minyaa Mama akienda kisimani, "Fanya haraka, polisi anarudi," lakini hilo halikutosha.

Mwaka 2022 kifua cha Mzee kilianza kubana. Machi mwaka huu alilazwa Musoma, na madaktari wakasema mapafu yamekakamaa, hayatarudi. Mchana mmoja, saa nane, Jeska akimpelekea uji, akamwita. Alizungumza kwa vipande, akipumzika kila neno.

"Mama Nyamburi. Ile harufu ilikuwa sangara."

"Ndiyo, Baba."

"Nilinyamaza. Niliogopa mama mkwe wako atakurudisha Butiama." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na katika kikohozi Jeska akasikia ile sauti, fsss, ikitoka ndani ya mtu. Mzee naye aliisikia. Akamtazama kwa woga ule ule wa siku ya matope. "Hii haina wosha ya kubadilisha," akasema. Kisha akasema, "Msafisheni Baltazari. Nisizikwe na jina la mtu mdomoni."

Alirudi nyumbani mwezi wa saba. Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa juu ya mpini.

Jana Jeska alimsomea Mama Benedikta maneno haya nyuma ya jiko. Aliposoma habari ya mafuta ya sangara alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye begi, kama ataambiwa aondoke. Mama akauliza, "Ulijua na yeye alijua?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi peke yangu ndiye nilikuwa napiga kelele."

"Nisamehe, Mama."

"Kalamu unayo? Andika na langu. Andika kwamba Benedikta alimtukana Baltazari bure miaka minane, na anaomba msamaha mbele ya jeneza. Usifute hata neno. Halafu rudisha hizo kanga ndani, nani atanipikia waombolezaji?"

Ndivyo ilivyoandikwa. Anayetaka ushahidi, marehemu amevaa viatu vyake vya kanisani, na cha kushoto hakina ulimi.

Mzee Florian ameacha mjane, Mama Benedikta, watoto watatu, Ursula, Elias na Evance, wakamwana wawili, wajukuu saba, na jirani mmoja, Mzee Baltazari, ambaye kwa agizo la marehemu ahesabiwe katika orodha hii. Pampu ni yake kuanzia leo. Tunamwomba kila asubuhi, kabla ya chai, aweke dole gumba, asukume, aachie.

Baba, hiyo sauti haitakufuata tena. Mwenyezi Mungu akulaze pamoja na Dafroza wako mahali pasipo na hofu. Amina.